Mita ya fundi imegoma? Angalia fyuzi kabla hujaitupa

Multimita, ile ambayo mafundi wengi huiita mita tu, mara nyingi hutupwa ikiwa na ugonjwa mdogo. Zile za bei nafuu za aina ya DT830, utakazozikuta kwa fundi redio Moshi mjini hadi kwa anayefunga sola Marangu, hufunguliwa kwa dakika chache. Shida iko kwenye kile unachorudishia ndani.

Kwanza toa nyaya za kupimia kwenye ulichokuwa unapima, kisha zichomoe kwenye mita yenyewe. Kuzima swichi ya mita peke yake hakutoshi. Fungua skrubu mbili za nyuma, utaona betri ya volti 9 na fyuzi ndogo ya kioo.

Mita inapima volti vizuri lakini imegoma milliampea? Mshukiwa wa kwanza ni fyuzi. Huungua pale mtu anapomaliza kupima ampea, anasahau kugeuza swichi, halafu anagusa volti 230 za ukutani. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye fyuzi au kwenye bodi, mfano 500 mA, 250 V, ununue hichohicho.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafunga kauzi ka shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mita itafanya kazi, ndiyo. Ila siku ukikosea tena hakuna cha kukata umeme, na mita inaweza kukulipukia mkononi. Mita kubwa kama Fluke 87 hutumia fyuzi za 440 mA na 11 A, zenye uwezo wa volti 1,000. Ukiweka ya kioo iliyotoka kwenye redio, namba zitasoma sawa lakini kinga imekwenda.

Tena angalia tundu la 10 A. Kwenye mita nyingi za bei nafuu limeandikwa UNFUSED, maana yake halina fyuzi kabisa. Hapo hata fyuzi mpya haikusaidii.

Namba zinarukaruka? Masika, Machi hadi Mei, unyevu ni mwingi huku Kibosho na Marangu, na shaba ya swichi hushika kutu ya kijani. Safisha kwa spiriti na pamba, acha ikauke. Ukitoa kitasa cha kuzungusha, fanyia kazi juu ya kitambaa, kuna springi na gololi ndogo zinazoruka, na kuzitafuta sakafuni ni adhabu. Tarakimu zikionekana nusunusu, kagua kipande cha mpira kati ya skrini na bodi. Kifute, kirudishe kikiwa kimenyooka.

Ukishafunga, jaribu kwanza betri mpya ya volti 1.5, kisha linganisha na mita ya fundi mwenzako. Umeme wa ukutani uwe wa mwisho. Kama ganda limepasuka, mita hiyo ibaki ya kupimia betri za redio tu.