Kilichoondolewa Chakulani: Historia Fupi ya Vitamini za Bata Wazazi

Katika maduka ya pembejeo za mifugo ya miji yetu ya Afrika Mashariki hakukosekani makopo na pakiti za vitamini za kuku. Wafugaji wa bata nao hununua hizo hizo, kwa kuwa zilizotengenezwa kwa ajili ya bata ni nadra kuonekana. Wenzetu wanaosoma kilimo hulitazama jambo hili kama suala la vipimo: gramu ngapi kwa lita ngapi za maji. Mimi ninasoma historia, na katika insha hii ninauliza swali la mwanahistoria. Ilikuwaje bata, ndege aliyetaga na kulea vifaranga kwa maelfu ya miaka bila kopo, akafika mahali pa kuhitaji kopo?

Hoja yangu ni kwamba vitamini hizi ni kitu kilichorudishwa baada ya kuondolewa. Karibu kila moja iliyo katika pakiti ina historia ya kinu, banda au shamba lililoiondoa katika chakula cha ndege. Tukiijua historia hiyo tunaweza kujua ni bata yupi anayehitaji nyongeza, na kwa nini bata mzazi, yaani yule anayetaga mayai ya kuanguliwa, ndiye anayeumia kwanza.

Tuanzie Java, koloni la Uholanzi wakati ule. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, akitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa uliolegeza miguu ya askari na wafungwa hadi kuwaua. Mwaka 1889 kuku wa maabara yake walianza kuyumba na kuanguka kwa ugonjwa uliofanana na huo. Baada ya miezi kadhaa wakapona wenyewe. Ilipochunguzwa, ikajulikana kwamba katika kipindi cha ugonjwa walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokuja alikataa wali wa jeshi kupewa kuku wa raia, na kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa kabisa. Eijkman akaonyesha kwamba pumba zile zilizotupwa ndizo zilizoponya.

Jambo hilo likapimwa kwa binadamu. Mkaguzi wa afya Adolphe Vorderman alikusanya habari za magereza takriban 100 ya Java, yenye wafungwa zaidi ya robo milioni. Palipoliwa mchele uliokobolewa kabisa, mfungwa 1 kati ya 39 aliugua beriberi. Palipoliwa mchele wenye ngozi yake, hakufika hata 1 kati ya 10,000. Hata hivyo Eijkman mwenyewe alidhani kwanza kwamba wali una sumu na pumba zina dawa ya kuizima. Mwaka 1901 mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyeigeuza fikra hiyo: hakuna sumu, kuna upungufu. Naliona hili kuwa badiliko kubwa kuliko ugunduzi wowote uliofuata, maana lilimfundisha mtafiti kuuliza ni nini hakimo katika chakula. Mwaka 1912 Casimir Funk, aliyefanya majaribio kwa njiwa, alitoa jina lililozaa neno letu vitamini. Mwaka 1926 Jansen na Donath, wakiwa Batavia ile ile, walipata fuwele za thiamini kutoka katika pumba za mchele. Eijkman alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kinu, basi, ndicho kilichoondoa cha kwanza. Banda likaondoa cha pili, nacho ni jua. Nchini Marekani na Ulaya, kulea vifaranga ndani wakati wa baridi kulishindikana kwa muda mrefu kwa sababu miguu yao ililegea. Katika miaka ya 1920 watafiti wa Wisconsin, akiwemo Harry Steenbock, walionyesha kwamba mwanga wa jua, taa ya miali ya urujuanimno au mafuta ya ini la samaki viliwanusuru. Hiyo ni vitamini D. Baadaye ikaonekana kwamba ndege hufaidika kidogo tu na aina ya vitamini D inayotokana na mimea na kuvu, ile ya D2, na kwamba huhitaji D3. Tangu hapo ndege waliweza kufugwa mwaka mzima bila kuliona jua, na mabanda makubwa ya kisasa yakawezekana.

Cha tatu kuondolewa ni malisho ya nje: majani, wadudu, konokono, mabaki ya samaki na nyama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vyakula vya asili ya wanyama viliadimika, na soya ikachukua nafasi kubwa katika chakula cha kuku. Kuku waliokula mimea mitupu walitaga, lakini vifaranga wao walikua vibaya na mayai mengi hayakuanguliwa. Watafiti walijua kuna kitu katika chakula cha wanyama ila hawakujua jina lake, mpaka vitamini B12 ilipopatikana mwaka 1948. Kufikia hapo viwanda vilikwisha jifunza kutengeneza vitamini kadhaa bila kutumia ini wala pumba. Riboflavini ilitengenezwa mwaka 1935 na thiamini mwaka 1936. Kilichoondolewa sasa kingeweza kurudishwa kwa gramu chache katika gunia.

Mtaona kwamba hadi hapa nimetaja kuku na njiwa. Bata amechelewa kutokea katika insha hii kwa sababu alichelewa kutokea katika maabara. Mmoja wa milango aliyoingilia unatuhusu sisi wa nchi za joto: katika miaka ya 1940 vifaranga wa bata walitumiwa Marekani kuchunguza dawa za malaria, kwa kuwa kuna kimelea cha malaria ya ndege kinachostawi ndani yao. Mtafiti anayefuga bata maabara hana budi kujua wanachokula. Mlango mwingine ulikuwa biashara. Bata weupe aina ya Pekin walipelekwa Marekani kutoka China mwaka 1873, wakastawi katika mashamba ya Long Island karibu na New York, na mwaka 1949 kikafunguliwa huko kituo cha Chuo Kikuu cha Cornell cha utafiti wa bata. Pamoja na hayo, jedwali la bata limebaki fupi kuliko la kuku. Toleo la mwaka 1994 la mwongozo wa lishe ya ndege wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani linaorodhesha kwa bata vitamini chache kuliko kwa kuku. Sehemu kubwa ya chakula cha bata duniani imeazimwa kutoka kwa kuku.

Je, kuna ubaya gani kuazima? Jibu liko katika niasini. Kuku anaweza kujitengenezea kiasi fulani cha niasini kutoka katika protini anayokula. Bata naye huweza, lakini kwa udhaifu, kwa sababu ini lake huipeleka malighafi hiyo kwenye njia nyingine. Ndiyo maana mwongozo huo unampa kifaranga wa bata miligramu 55 za niasini kwa kilo ya chakula, na kifaranga wa kuku wa nyama miligramu 35. Akipungukiwa, miguu hupinda na viungo huvimba.

Na hapa ndipo mahindi yanapoingia. Niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba tumbo haliipati. Wenyeji wa Mexico walichemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa ikaifungua. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo haukusafiri nayo. Pelagra ikawapiga maskini waliokula mahindi kusini mwa Ulaya na baadaye kusini mwa Marekani, mpaka Conrad Elvehjem alipotambua mwaka 1937 kwamba asidi ya nikotini, yaani niasini, huponya ugonjwa wa mbwa unaofanana nayo. Bata wetu wanaolishwa pumba na machicha ya mahindi wamerithi kisa hicho cha zao lililokuja bila maarifa yake.

Nirudi kwa bata mzazi. Kifaranga aliyekwisha anguliwa anaweza kutafuta mdudu au jani. Kiinitete hakiwezi. Chote kitakachokijenga kimefungwa ndani ya yai siku lilipotagwa, na yai la bata wa Pekin huatamiwa siku 28, la bata wa Muscovy siku 35, ilhali la kuku ni siku 21. Riboflavini ni mfano mzuri, kwani imechunguzwa sana kwa kuku. Mama aliyepungukiwa anaweza kuendelea kutaga na kuonekana mzima, huku viinitete vikifa ndani ya maganda. Mfugaji hulaumu jogoo, mashine au hali ya hewa. Mwongozo wa 1994 unalitambua tofauti hili: bata anayekua amepewa yuniti 2,500 za vitamini A na 400 za vitamini D3 kwa kilo ya chakula, na bata mzazi 4,000 na 900.

Kuna atakayesema kwamba hoja yangu ni kutamani ya kale, kana kwamba dawa ni kumwachia bata akatafute ziwani. Sisemi hivyo. Bata wa nje huliwa na vicheche, huambukizwa magonjwa, na ziwa lenyewe si la bure. Hapa Uganda mukene, ambao Tanzania ni dagaa na Kenya ni omena, huvuliwa Ziwa Victoria, na sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha mifugo. Samaki yule ndiye aliye na protini nyingi kuliko mahindi, na B12 ambayo mahindi hayana. Kila gunia linaloenda kwa ndege ni mboga isiyofika sahanini mwa mtu. Katika hali hiyo gramu chache za vitamini kutoka kiwandani, pamoja na soya, zinaweza kumwachia mtoto dagaa wake, na hilo si jambo dogo.

Ninachosema ni kwamba pakiti haiwezi kutumiwa vizuri na mtu asiyejua inarudisha nini. Bata anayeshinda juani hahitaji D3 sawa na aliyefungiwa ndani. Anayekula konokono bwawani hana njaa ya B12. Anayelishwa pumba za mahindi peke yake ana njaa ya niasini hata akinyweshwa vitamini ya kuku kwa kipimo cha kuku. Maafisa ugani wetu hufundisha majina ya vitamini kwa mpangilio wa alfabeti, A hadi K. Ningependekeza wafundishe kwa mpangilio wa historia: kinu kiliondoa nini, ukuta uliondoa nini, zao jipya lilikuja bila nini. Mama anayefuga bata sita nyuma ya nyumba anaweza kuyajibu maswali hayo matatu bila maabara, na kwa majibu yake akajua kama pesa ya kopo ni ya lazima au angeitumia kwa kitu kingine.