Sayansi ya utekelezaji ni nini, na Samunge inatufundisha nini?

Huenda umeona tangazo la shahada ya uzamili ya sayansi ya utekelezaji katika afya, inayosomwa kwa njia ya mtandao, ukajiuliza ni kitu gani hicho. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe unalijua, hasa kama umewahi kufanya kazi zahanati au kumpeleka mgonjwa kliniki. Dawa ipo na inafanya kazi, ila haimfikii anayeihitaji. Ikimfikia, anaitumia miezi mitatu kisha anaacha. Sayansi hii inachunguza kwa nini hali iko hivyo, na nini kifanyike.

Ili uielewe vizuri, turudi Samunge.

Kijiji cha Samunge kiko eneo la Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, katika nchi ya Wasonjo. Mwaka 2011 jina lake lilijulikana Afrika Mashariki nzima kwa sababu ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu. Alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti ambao Wasonjo wanauita mugariga. Mizizi ilichemshwa, mgonjwa akanywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba inatibu kisukari, presha, pumu, saratani na hata Ukimwi.

Watu walikuja kwa maelfu. Walipita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, barabara ya mawe na vumbi, na wenye uwezo walikuja kwa helikopta. Machi 2011 foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na Babu mwenyewe akaomba watu wasubiri kwanza. Kuna wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, baadhi yao wakiwa wametolewa wodini na ndugu zao.

Wataalamu wa serikali walichunguza dawa ile na kuona kwamba kwa kiwango kilichokuwa kikinywewa haikuwa sumu. Wengi walisikia taarifa hiyo wakadhani imethibitishwa kuwa inaponya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Chai ya rangi nayo si sumu. Haujapatikana ushahidi wowote kwamba kikombe kile kiliondoa VVU mwilini mwa mtu. Kilichoonekana ni kinyume chake: watafiti waliokuwa wakifuatilia watu wenye VVU huko Kilimanjaro walichapisha mwaka 2014 kwamba waliokwenda Loliondo walipunguza kumeza dawa zao kama inavyotakiwa. Mwenye VVU anapoacha ARV, virusi vinaongezeka tena, na vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa hizo. Babu alifariki Julai 2021, lakini vikombe vya namna hiyo bado vinajitokeza huku na kule kwa majina mengine. Kama unatumia dawa ya VVU, presha au kisukari, usiache kwa sababu ya tiba yoyote nyingine kabla hujazungumza na mhudumu wako.

Swali ambalo wengi hawakuuliza

Wakati ule mjadala mkubwa ulikuwa kama dawa inaponya au haiponyi. Ni swali la lazima. Mtu wa sayansi ya utekelezaji angeliuliza hilo, kisha angeongeza jingine: kwa nini watu walilala porini siku tatu wakisubiri kitu kisicho na uthibitisho, wakati ARV zenye uthibitisho zilikuwa zikitolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004?

Tazama kilichokuwa kinatolewa Samunge kwa jicho la mgonjwa. Bei ni moja kwa tajiri na maskini, na inajulikana kabla hujaondoka nyumbani. Unakwenda mara moja, hurudi tena. Mwenye VVU anasimama foleni moja na mwenye presha, kikombe ni kilekile, hakuna anayejua nani anaumwa nini. Anayekupa ni mzee anayeheshimika, anayezungumza lugha ya imani yako.

Sasa tazama kliniki ya wakati ule. Dawa ni bure, ila nauli si bure. Unarudi kila mwezi. Benchi la CTC linajulikana na kila anayepita. Na hakuna siku utakayoambiwa umemaliza.

Kwa maoni yetu, kuwaita watu wale wajinga ni uvivu wa kufikiri. Walipima mambo mengi kwa wakati mmoja, na huduma ya kweli ilishindwa katika yote isipokuwa moja, lile la kufanya kazi. Mwaka huohuo wa 2011, mtafiti wa Marekani Enola Proctor na wenzake walichapisha orodha ambayo wanafunzi wa fani hii hujifunza mapema sana. Inasema utekelezaji upimwe kwa mambo kama vile kukubalika kwa huduma, kufaa kwake kwa mazingira, kuwezekana kwake, gharama, kufuatwa kama ilivyopangwa, kuwafikia watu, na kudumu. Ukiisoma ukiikumbuka Samunge, utaona karibu kila mstari.

Mfano mwingine, wa chandarua

Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa Hati Punguzo. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani kununua chandarua chenye dawa kwa bei pungufu. Chandarua kilikuwa kimeshathibitishwa kwamba kinazuia malaria, hilo halikuwa na ubishi. Tatizo lilikuwa pesa ya kuongezea. Wengine hawakuwa nayo, hivyo hati ikabaki kwenye pochi. Mwaka 2009 utaratibu ukabadilishwa na nyongeza ikawekwa kuwa shilingi 500 tu. Chandarua kiliendelea kuzuia malaria kama zamani. Kilichobadilika ni njia ya kukifikia. Kazi ya fani hii ni kugundua kasoro kama hiyo mapema, kuirekebisha na kupima kama marekebisho yamesaidia.

Je, shahada hii inakufaa?

Chukua mfano wewe ni muuguzi au ofisa tabibu Ngorongoro. Kila kiangazi wafugaji wanahama na ng'ombe, na kila kiangazi rejista yako inajaa majina ya waliopotea kliniki. Huhitaji kuthibitisha tena kwamba ARV zinafanya kazi. Unahitaji kujua: tukiwapa dawa za miezi mingi kabla hawajahama, wangapi watabaki kwenye matibabu? Nani apewe jukumu la kuwakumbusha? Stoo itamudu? Viongozi wa boma watakubali? Shahada hii inakufundisha kuuliza maswali hayo kwa utaratibu, kuchanganya takwimu na mahojiano, kukokotoa gharama, na kubadili mpango bila kuharibu kiini chake.

Kusoma kwa mtandao kunakuacha kituoni kwako, na hilo ni jambo kubwa, maana swali lako la utafiti liko hapohapo. Lakini usidanganyike kwamba ni rahisi. Masomo mengi ni kwa Kiingereza, bando linakula pesa, na mwalimu aliye bara jingine anaweza kuweka kipindi saa nane usiku kwako. Kabla hujalipa, uliza kama vipindi vinarekodiwa, kama ada inalipwa kwa awamu, na kama unaruhusiwa kufanyia utafiti kwenye kituo chako. Uliza pia TCU kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa nchini. Watu wamerudi na vyeti vizuri wakakwama hapo. Utafiti unaohusu wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, na Tanzania Bara NIMR ndiyo inayotoa kibali cha kitaifa, hivyo weka muda wa kusubiri kwenye ratiba yako.

Vyuo vingi vinataka shahada ya kwanza. Kama una stashahada tu, au hujui bado kama utaipenda fani, kuna kozi ya mtandaoni isiyolipiwa ya utafiti wa utekelezaji kutoka TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. TDR pia imewahi kufadhili wanafunzi wa uzamili wa fani hii katika vyuo kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Witwatersrand Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Zambia. Anza na ile ya bure, ukiwa na rejista ya kituo chako mkononi na swali moja tu ulilochoka kulijibu kwa kubahatisha.