Kurasa Zilizofungiwa Karanga

Mwaka 1969 nilikuwa darasa la tano, tukikaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati moja la mninga, ufunguo mfukoni mwa mwalimu. Ijumaa likifunguliwa, wavulana tuligombea kitabu kimoja tu: Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jalada lilishakwenda zake zamani, mgongo umeshonwa kwa uzi wa viatu, pembe za kurasa zimelainika kama kitambaa kwa vidole vya mate.

Rider Haggard alikiandika 1885. Kwa Kiswahili kilitoka 1929, kazi ya Mwingereza Frederick Johnson, ambaye mwaka huohuo, pamoja na E. W. Brenn, alitoa pia Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili, makao yake hapahapa Dar es Salaam, na katibu wake wa kwanza akawa Johnson. Basi Kiswahili sanifu tulichochapwa viboko kwa kukikosea, na hadithi tuliyoisoma kwa kujificha chini ya dawati, vimepita mkono mmoja.

Katika Mashimo, Wazungu watatu wanavuka jangwa kwa ramani iliyochorwa kwa damu. Sisi sote tulitaka kuwa Quatermain, kiongozi wao. Na tulikuwa Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza! Hata mmoja wetu hakutaka kuwa mpagazi. Hilo nimelitambua ukubwani. Wakati ule nilikuwa na shida nyingine.

Kitabu chetu kilikatikia pangoni. Jiwe limeshuka, mlango umeziba, wenyewe wamo ndani na almasi zao, taa inaelekea kuzimika. Basi. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimechanwa. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba ameona karatasi yenye jina la Quatermain kwa muuza karanga karibu na soko. Wiki nzima hela yangu ya andazi ikaishia kwenye karanga. Kila nikimaliza nakunjua karatasi: hesabu za duka, gazeti, hesabu za duka.

Kaka yangu alinihurumia, akanipeleka Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Tulikata Mnazi Mmoja kwa miguu. Kitabu kilikuwepo, kizima. Nikakisoma nimesimama palepale kwenye rafu: wamesikia hewa ikipenya sakafuni, wakainua jiwe, wakatokea shimoni alfajiri, Quatermain na almasi chache mifukoni.

Mama wa maktaba aliniangalia, akasema, "Mwanangu, kaa kitini." Kisha akaniletea Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Bwana Msa na kiko chake, hana ramani wala almasi, anamtafuta muuaji, na watu wake wanaitwa majina ya jirani zetu.

Kabla sijaanza, nikafunua mwisho kuhakikisha kurasa zimetimia.