Mafuta Yaliyotoka Ndotoni

Chupa ilikuwa ya mia nane. Ndani mafuta ya kijani, nje karatasi yenye picha mbili za dada mmoja: ya kwanza nywele za mbele zimeisha, ya pili zimejaa hadi kwenye paji la uso. "Ni mitishamba tupu, dada, hii haikosi," msusi akaniambia, huku akinikaza rasta mpaka machozi yakanitoka. Nikanunua. Si kioo kilikuwa hapo mbele yangu?

Nyumbani ndipo nikaanza kujiuliza nani alitangulia kuuza mafuta kwa picha mbili kama hizo. Mmoja wa waliotajirika nazo alikuwa mama mfua nguo, kule Marekani.

Sarah Breedlove alizaliwa 1867 huko Delta, Louisiana, mtoto wa kwanza katika familia yake kuzaliwa nje ya utumwa. Alipokuwa akifulia watu nguo St. Louis, nywele zikaanza kumtoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, kichwa kilioshwa mara chache mno, na mba na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa kitu cha kawaida. Kwanza aliuza dawa za mfanyabiashara mwingine mweusi, Annie Turnbo. Halafu 1906, akiwa Denver na ameshaolewa na Charles Joseph Walker, akatoa yake mwenyewe na kujiita Madam C. J. Walker. Kwenye matangazo aliweka picha zake mwenyewe, za kabla na za baada.

Sasa sikiliza alivyosimulia. Eti alimwomba Mungu, na usiku akaota mwanamume mkubwa mweusi akimtajia vitu vya kuchanganya. Vingine viliota Afrika, naye akaviagiza. Manze, hapo nilicheka. Sisi Nairobi tunaambiwa mafuta yametoka India au Jamaika. Wao waliambiwa yametoka kwetu! Mmea wa ajabu huota mahali ambapo mnunuzi hana nauli ya kufika.

Lakini kwenye kopo, mfanyakazi hasa alikuwa salfa, ndani ya mafuta mazito ya aina ya Vaseline. Salfa ni dawa ya ngozi ya tangu zamani, wala haihitaji ndoto.

Kwa hivyo alikuwa tapeli? Mimi nasema hapana, ingawa ile hadithi ya Afrika sijaimeza. Wateja wake walifundishwa kuosha kichwa mara kwa mara, kusugua ngozi, kisha kupaka. Ngozi ikapona, nywele zikarudi. Picha hazikudanganya. Ila picha haiwezi kusema ni nini kilichozirudisha: salfa, maji na sabuni, au miezi iliyopita katikati. Na mtu mwenye kipara cha kurithi angepaka kopo zima asione hata unywele mmoja, maana tatizo lake halikuwa uchafu wala mba.

Kutenganisha mambo hayo kunahitaji watu wawe makundi mawili. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Scotland, walichapisha jaribio la watu 86 ambao nywele zao zilikuwa zinatoka kwa mabaka. Kundi moja lilipewa mafuta yenye thaimu, rozimeri, lavenda na mwerezi. Lingine likapewa mafuta yale yale ya kuchanganyia, bila mitishamba. Wote walijisugua kila usiku kwa miezi 7. Waliopata nafuu kwenye kundi la mitishamba walikuwa asilimia 44, na kwenye kundi lingine asilimia 15.

Mitishamba ilishinda, tuseme ukweli. Lakini mimi nimekwama kwenye ile 15. Hao hawakupaka jani lolote, na bado walipata nafuu, kwa sababu ugonjwa huo mara nyingi hujiondokea wenyewe. Wape chupa yenye picha mbili, na kila mmoja wao atakuapia kwamba dawa inafanya kazi, tena bila kusema uongo. Halafu jaribio lilikuwa dogo, na la ugonjwa mmoja tu. Chupa yangu imeandikwa "aina zote".

Yangu mimi haikuwa mabaka. Ni kukazwa rasta miaka kumi bila kupumzisha kichwa, na hata karatasi ya chupa inasema usisuke wakati unapotumia. Ujanja huo! Basi nikafumua, nikapaka upande wa kushoto pekee kila usiku, wa kulia nikauacha hivyo hivyo.

Miezi minne baadaye nywele za mbele zilikuwa zimerudi, kushoto na kulia, urefu mmoja. Nikampelekea msusi aone. Akanigeuza kichwa huku na huku, akatabasamu.

"Unaona ilivyo kali?" akasema. "Imevuka mpaka upande wa pili."