Rupia 80 za Bombay na Sabuni Yetu

Mimi ni wa darasa la saba, mambo ya viwanda sikuyasomea. Ila nimeombwa niandike historia, basi naanzia mbali kidogo.

Tarehe 15 Machi 1959, kina mama 7 wa Girgaum, mjini Bombay (siku hizi Mumbai), huko India, walipanda juu ya paa la jengo lao wakatengeneza papadi, zile chapati nyembamba za kuanika juani. Mtaji ulikuwa rupia 80, tena za mkopo. Siku hiyo walipata pakiti 4 tu. Mzee aliyewakopesha, Chhaganlal Parekh, aliwaambia waweke hesabu sawasawa na waache zile papadi hafifu za bei ya chini. Wakasikia. Mwaka wa kwanza mvua iliwasimamisha miezi 4, maana hakuna jua. Mwaka wa pili wakanunua kitanda na jiko: papadi juu, jiko chini, kazi ikaendelea. Kitanda, jamani! Hapo nilicheka peke yangu.

Ushirika wao, Lijjat, sasa una kina mama zaidi ya 40,000. Mmoja wa wale 7, Bibi Jaswantiben Popat, alipewa nishani ya Padma Shri mwaka 2021. Si kwamba hawakuanguka. Viberiti walivyojaribu 1979 havikufaulu.

Sasa sisi. Mwaka wetu wa tatu mafuta ya mawese yalipanda bei. Tukapunguza mafuta kwenye sabuni ya mche, kostiki tukaiacha vilevile, tukipima kwa kopo. Nani aliruhusu? Mimi mwenyekiti. Sabuni ikachubua watu mikono, wateja wakairudisha mpaka mlangoni kwangu, na wenzetu watatu wakachukua akiba zao wakaondoka. Kwa kweli nilitaka kujiuzulu.

Tulichofanya ni kununua mizani na daftari. Kumbe hata bei ya mche mmoja kuutengeneza tulikuwa hatuijui! Tulipopiga hesabu tukaona faida ilikuwa inaliwa na kuni na nauli, siyo mafuta. Tukaanza kununua kuni kwa mkokoteni mzima, na mafuta tukarudisha kipimo chake. Wateja walichukua karibu mwaka kurudi.

Katika wale watatu, mmoja amerudi. Ndiye tuliyemkabidhi mizani, na mimi mwenyewe haniruhusu kuigusa.