Brutus aliyekaa mezani na Caesar

Muulize aliyesoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969, msaliti ni nani. Atakutajia Brutus. Hajakosea, ila mwandani hasa wa Caesar alikuwa Brutus mwingine.

Marcus Brutus, huyu wa jukwaani, alipigana upande wa Pompey, hasimu wa Caesar, kule Pharsalus mwaka 48 KK. Aliposhindwa, Caesar alimsamehe na kumpa vyeo, kama alivyomsamehe Cassius, shemeji ya Brutus na mwenzake katika njama ya baadaye. Deni lake lilikuwa la fadhila. Decimus Brutus hakuwahi kuhitaji msamaha. Alikulia katika jeshi la Caesar: mwaka 56 KK aliongoza merikebu zake dhidi ya Waveneti katika pwani ya Ufaransa ya leo, na mwaka 49 KK akapigana baharini kule Marseille. Caesar alimwandika katika wosia, miongoni mwa warithi wa akiba.

Usiku wa Machi 14, mwaka 44 KK, Caesar alikwenda kula kwa Lepidus, akamchukua Decimus. Mazungumzo yakafika kwenye kifo: kipi ni bora? Caesar akasema kile cha ghafla. Decimus alikuwa hapo hapo, na siri ya njama ya kumuua anayo.

Asubuhi Caesar akasita. Mkewe Calpurnia alikuwa ameota vibaya na kafara zilitoa ishara mbaya. Ni Decimus aliyekwenda kumchukua. Alimwambia watu watamcheka wakisikia kikao cha Seneti kimeahirishwa kwa ndoto ya mke, kisha akamshika mkono wakatoka. Kikaoni Caesar alichomwa visu mara 23; daktari Antistius, kwa maelezo ya Suetonius, aliona jeraha moja tu ndilo la kuua.

Shakespeare alimpa Decimus kazi ndogo ya kuigeuza tafsiri ya ndoto. Hata jina alilikosea: alimwita Decius, kosa alilolikuta katika tafsiri ya Plutarch ya Thomas North ya mwaka 1579. Uzito wa urafiki akamtwika Marcus, na kwa jukwaa alifanya sawa, kwani muuaji anayesutwa na nafsi yake hunoga kuliko anayeua bila kusita.

Kwangu mimi, onyesho bora si la mauaji bali la hemani, Brutus na Cassius wakigombana. Brutus anamsuta mwenzake kwa rushwa, halafu papo hapo analalamika kwamba alimwomba fedha za kulipa askari akanyimwa. Mwenyewe hataki kuzitafuta kwa njia chafu. Ajabu ni kwamba Brutus wa historia alikuwa mkopeshaji. Barua za Cicero zinasimulia jinsi mawakala wake walivyowadai watu wa Salamis, Cyprus, riba ya asilimia 48 kwa mwaka, na jinsi madiwani wa mji walivyozingirwa ukumbini hadi watano wakafa njaa.

Katika vita vya Philippi, mwaka 42 KK, Cassius alidhani wameshindwa wote, akajiua bila kujua kwamba upande wa Brutus ulikuwa umeshinda siku ile. Wiki chache baadaye Brutus naye akajiua. Decimus alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma: alipokuwa akitoroka kuwafuata, alikamatwa na chifu wa Kigauli na kuuawa kwa amri ya Antony, swahiba wa Caesar. Katika tanzia haonekani tena baada ya sehemu ya tatu.