Ramani ya miguu: refleksolojia ilitoka wapi?

Mwaka uliopita mama mkubwa wangu alinipigia simu na furaha. Alikuwa amepata mtu wa kumkanda nyayo, na huyo alimwambia kama kisukari kitaishia kwa miguu. Dawa za hospitali alikuwa amekwisha kuziacha. "Ni kitu ya Misri, mwanangu, ya zamani sana." Basi nikaanza kusoma.

Hiyo ya Misri iko na ukweli kidogo. Kule Saqqara, ndani ya kaburi la Ankhmahor, kuko picha yenye miaka zaidi ya 4.000: watu wanashikwa mikono na miguu. Wengine wanaona masaji, wengine wanaona kutengeneza kucha ao upasuaji. Lakini picha haionyeshi ramani yoyote ya mwili kwenye unyayo.

Ramani yenyewe ilizaliwa Marekani. William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo pale Hartford, alisema kama kufinya sehemu moja ya mwili kunapunguza maumivu sehemu ingine. Akagawa mwili kanda 10, toka kichwa mpaka vidole. Kitabu alichoandika na Edwin Bowers kilitoka 1917. Kisha Eunice Ingham, mwanamke wa kazi ya kinesi, akaleta yote kwenye miguu: kidole gumba ni kichwa, katikati ni matumbo. Mwaka 1938 akatoa kitabu chake, akazunguka akifundisha. Kwa hiyo kukanda ni kwa zamani, ramani ni ya juzi.

Mimi ni mtu wa shamba. Mbolea mpya ikifika, tunaacha kipande kimoja bila mbolea, ndipo tunalinganisha. Mwaka 2009, Edzard Ernst, profesa kule Uingereza, alichambua majaribio 18 ya namna hiyo juu ya refleksolojia. Hakukuta uthibitisho wa nguvu kama inatibu ugonjwa hata mmoja. Kupumzika ni jambo lingine: mtu akilala, akakandwa miguu pole pole, akasikilizwa bila haraka, anatoka mwepesi. Hiyo haiko bure, tena ni wangapi kwetu wanasikilizwa hivyo hospitali?

Lakini kisukari kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mgonjwa anaweza kuumia unyayo na asisikie kitu, kidonda kikakua mpaka mguu ukatwe. Nikamrudilia simu: "Mama, dawa uanze tena leo. Daktari aangalie miguu kwanza. Akikubali, ukandwe, lakini polepole."

Akanyamaza. Kisha: "Sasa ile ya Misri ni uongo?"

"Picha iko, mama. Ni maelezo ndiyo waliongeza."

Alirudilia dawa. Kukandwa hakuacha, na mimi sikumkataza. Bandugu, mtu akikuambia dawa yake ni ya zamani, usibishane juu ya miaka. Muulize tu: kipande kisichotiwa mbolea kiko wapi?